Mbio za Naivasha na Hesabu ya Nyanungu



Wapendwa wasomaji wetu, tafakari ya wiki hii haianzii altareni. Inaanzia katika banda la video.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, tarehe 29 Machi, tulipanga kuanza Njia ya Msalaba saa nne asubuhi. Akina mama wa WAWATA walifika na rozari zao, wazee walifika na fimbo zao, watoto wa Utoto Mtakatifu walifika wakiwa wamepiga foleni kama askari. Vijana hawakuonekana. Hata wale wa VIWAWA, ambao ndio waliopewa zamu ya kubeba msalaba, hawakuonekana. Tulimtuma katekista akawatafute. Alirudi akiwa ameinamisha kichwa, akatuambia kwamba wako bandani, wanatazama magari ya Naivasha.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, hatuna budi kueleza. Mwaka ule mashindano ya magari ya Safari Rally nchini Kenya, ambayo ni mojawapo ya mizunguko ya ubingwa wa dunia, yalifanyika kuanzia tarehe 28 hadi 31 Machi. Yaani yalianza Alhamisi Kuu na kumalizika Dominika ya Pasaka yenyewe. Kipande cha mwisho cha mbio hizo kilikimbiwa mahali paitwapo Hell's Gate, jina ambalo maana yake ni Lango la Jehanamu. Tafakarini jambo hilo: siku ambayo Kanisa lote linaimba kwamba Bwana ameyavunja malango ya kuzimu, umati wa watu ulijipanga vumbini kwenye Lango la Jehanamu kuangalia nani ana kasi zaidi!

Tulikasirika, na hatuoni haya kusema hivyo. Wala hasira yetu haikuwa ngeni. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mashindano haya, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970 yalijizoesha kuikalia Pasaka kama mgeni anayekalia kiti cha baba mwenye nyumba. Njia zake siku zile zilipita Kenya, Uganda na kwetu huku, na jina lake kuanzia mwaka 1960 lilikuwa la Afrika Mashariki nzima. Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, yalifanyika mwezi Juni, tukashukuru. Mwaka 2024 yakarudi kwenye Pasaka. Mwaka uliofuata yalisogezwa hadi Machi 20 hadi 23, katikati ya Kwaresima. Tunawaambia wapanga ratiba bila kumung'unya maneno: mwaka una majuma hamsini na mbili, na Wakristo wa nchi hizi wanaomba waachiwe moja tu. Si ombi kubwa.

Basi Dominika ile ya Pasaka tulipanda mimbari tukahubiri juu ya shetani wa mwendo kasi. Tulihubiri kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu, na waamini waliitikia kwa vichwa. Tulitoka kanisani tukiamini kwamba tumefanya kazi ya nabii.

Nje ya kanisa kijana mmoja, dereva wa bodaboda, alitusogelea. Alituamkia kwa heshima, kisha akasema, "Padre, samahani. Wale wa Naivasha wana kofia ngumu. Wana mikanda. Wana daktari anawasubiri njiani. Barabara yao imefungwa, hakuna mbuzi wala mtoto wa shule. Sisi je?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutazungumza siku nyingine, ambalo ndilo jibu la mapadre wasio na jibu.

Tangu siku ile tumejifunza habari za mbio hizi kuliko inavyompasa paroko. Na tunakiri leo, mbele yenu wasomaji, kwamba mahubiri yetu ya Pasaka yalilenga shabaha isiyo sahihi. Lile la ratiba hatuliondoi. Lakini lile la shetani wa mwendo kasi kukaa Naivasha tunaliondoa. Shetani huyo tunaishi naye hapa hapa Nyanungu, na tena anakuja kanisani, na wakati mwingine anakaa benchi la mbele.

Hebu tuonyeshe tuliyojifunza.

Kwanza, katika mbio zile hakuna dereva anayekwenda peke yake. Kila gari lina watu wawili: mmoja anaendesha, mwenzake anasoma ramani na kumwambia kona inayokuja, mto unaokuja, jiwe linalokuja. Dereva bingwa wa dunia anamtii mtu aliyekaa kando yake kuliko anavyoyaamini macho yake mwenyewe.

Pili, kati ya kipande kimoja cha mbio na kingine, magari yale hupita katika barabara za kawaida pamoja na wananchi, na huko dereva analazimika kutii sheria za barabarani kama mimi na wewe. Tena lipo jambo lililotushangaza sana. Kwenye kituo cha kukagulia muda, anayechelewa hutozwa sekunde kumi kwa kila dakika aliyochelewa. Anayewahi kabla ya wakati wake hutozwa dakika nzima kwa kila dakika aliyowahi. Ndiyo, mmesoma vizuri! Katika mashindano ya kasi, haraka isiyo na kipimo huadhibiwa mara sita zaidi ya ucheleweshaji. Wazee wetu waliosema haraka haraka haina baraka hawakujua kwamba mabwana wa mbio wameiandika hekima yao katika kanuni.

Tatu, gari likipata ajali na mtu akaumia, wenzake huonyesha alama nyekundu ya kuomba msaada. Gari la kwanza linaloiona alama hiyo ni lazima lisimame, hata kama dereva wake anaongoza mashindano. Mnaukumbuka mfano wa Msamaria mwema: kuhani alipita kando, Mlawi naye akapita kando. Watu wa mbio wameandika sheria ya kumzuia kuhani asipite. Sisi ambao tumesomewa mfano huo tangu ubatizo, mtu akianguka na pikipiki barabarani, wapo kati yetu wanaokimbilia simu yake kabla ya kukimbilia pumzi yake. Mnajua kwamba hatusemi uongo.

Nne, msimu hausifiwi kwa siku moja. Msimu ule wa 2024 ulikuwa na mizunguko kumi na mitatu, kuanzia Monte Carlo mwezi Januari hadi Japani mwezi Novemba. Aliyeshinda Naivasha alikuwa Kalle Rovanperä wa Finland. Lakini bingwa wa mwaka alikuwa Thierry Neuville wa Ubelgiji, ambaye katika mizunguko yote hiyo alishinda miwili tu. Alikuwa bingwa kwa sababu mzunguko baada ya mzunguko alilifikisha gari nyumbani na kuchuma alama zake. Na mwaka 1973, Shekhar Mehta wa Kenya na Harry Källström wa Sweden, wote wakiwa na magari ya Datsun, walimaliza Safari wakiwa na adhabu sawasawa. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata doa la kwanza. Somo la Kwaresima kamili, na halikutungwa na padre yeyote.

Hatutaki mtufikirie kwamba tumegeuka kuwa wapambe wa mbio. Ulimwengu huo una damu yake. Tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya saa 24 ya magari ya spoti huko Le Mans, Ufaransa, gari moja lilirushwa likawaangukia watazamaji, wakafa zaidi ya watu themanini pamoja na dereva wake. Na mashindano yaliendelea hadi mwisho siku ya pili, kana kwamba hakuna lililotokea. Ilikuwa aibu. Lakini baada ya aibu hiyo watu waliuliza maswali. Uswisi ilipiga marufuku mbio za viwanjani. Kwingineko waliinua kuta, wakawasogeza watazamaji, wakabadili viwanja. Hata Safari yenyewe, ambayo hadi mwaka 2002 ilikimbiwa katika barabara zilizo wazi kwa wananchi huku helikopta zikitangulia juu kuangalia mifugo na watu, iliporudi mwaka 2021 ilikimbizwa katika njia zilizofungwa. Ulimwengu wa mbio ulizika watu wake ukajifunza. Swali letu ni hili: sisi tumezika wangapi, na tumejifunza nini?

Hapa ndipo tunapofika kwenye msimu wetu sisi.

Nyanungu nayo ina msimu wa mbio. Hauna bendera wala kombe. Unaanza mahindi yakishauzwa, mwenye akiba anaponunua pikipiki na kumkabidhi kijana wa mtu mwingine. Unafikia kilele Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa sikukuu. Njia yake ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, inapanda na kushuka vilima, na ndani yake wamo ng'ombe, akina mama wenye kuni, na watoto wanaotoka shule. Dereva wake ana miaka kumi na minane, wakati mwingine kumi na sita. Hana leseni. Hana kofia ngumu, au anayo moja ameining'iniza kwenye usukani kwa ajili ya kumwonyesha askari. Nyuma yake hakukaa msoma ramani. Wamekaa abiria wawili, mtoto mchanga, na gunia.

Na kwa nini anakimbia? Tulidhani anakimbia kwa sababu ya ujana na kwa sababu ya video za Naivasha. Tulikosea. Tulipomuuliza yule kijana, siku tulipotimiza ahadi ya kuzungumza naye, alitujibu kwa maneno matatu: "Padre, ni hesabu."

Hesabu! Neno hilo kila mmoja wetu analijua. Ni fedha ambayo dereva anampelekea mwenye pikipiki kila jioni, iwe kumekuwa na abiria au hakukuwa, iwe jua au mvua. Pungufu ya leo inabebwa kesho. Akishindwa siku kadhaa, ananyang'anywa pikipiki, na kama alikuwa kwenye mkataba wa kuimiliki baada ya muda fulani, jasho lake lote linapotea. Mafuta ni yake. Pancha ni yake. Faini ni yake. Mguu ukivunjika, ni wake. Tulipomuuliza kwa nini haonekani Misa ya Dominika, alisema, "Hesabu haijui Jumapili, Padre."

Wapendwa, katika mbio za Naivasha anayewahi kupita kiasi anaadhibiwa. Katika mbio za Nyanungu anayechelewa anakosa ugali. Hiyo ndiyo tofauti nzima. Kule kanuni imetungwa ili kumrudisha mtu akiwa hai, huku kanuni imetungwa ili fedha ifike jioni. Na walioitunga kanuni ya huku hawatoki mbali. Ni walimu, ni watumishi, ni wafanyabiashara wa duka, ni viongozi wa jumuiya ndogondogo, ni waamini wazuri wanaotoa zaka kwa uaminifu. Tunawapenda. Lakini hatuwezi kunyamaza tena. Ndugu yetu, unapoweka hesabu ambayo kijana hawezi kuifikia isipokuwa kwa kubeba watu watatu na kushuka kilima bila breki, wewe ndiye unayekanyaga mafuta. Mkono ni wake, kasi ni yako.

Tunajua majibu yenu, kwa maana tumekwisha kuyasikia.

Mnasema: "Padre, na sisi tumekopa. Mkopo una riba, na riba haina huruma." Ni kweli. Lakini kumbukeni mfano wa mtumishi aliyesamehewa deni kubwa, akatoka na kumkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Mzigo mliotwikwa ninyi haujawa ruhusa ya kuushushia kwenye shingo ya mtoto wa jirani.

Mnasema: "Hatukumlazimisha. Ni yeye aliyekuja kuomba kazi." Ni kweli pia. Mwenye njaa hakatai sahani yenye ufa. Haki ya mkataba haipimwi kwa kuangalia tu kama aliyeusaini alikubali. Inapimwa kwa kuangalia kama alikuwa na njia nyingine.

Mnasema, na hili ndilo linalotuuma zaidi kwa sababu tunalisikia makaburini: "Ilikuwa siku yake. Mungu alipanga." Ndugu zangu, hapana! Tunakataa kwa nguvu zote tulizopewa na daraja takatifu. Mwaka huu tumesimama kando ya jeneza la kijana aliyeangukia kichwa, na kofia ngumu ambayo ingemfunika haikuwapo kwa sababu hakuna aliyetaka kuinunua. Msemaji wa ukoo aliposema kwamba Mungu alimpenda zaidi, tulinyamaza kwa ajili ya mama yake. Leo hatunyamazi. Kumbandikia Mungu uzembe wetu ni kumsingizia, na kumsingizia Mungu ni dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha wazi kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi anabeba hatia nzito. Imeandika hatia. Haikuandika bahati mbaya. Na Juni 2007 Baraza la Kipapa linaloshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wenye amri kumi za barabarani. Ya kwanza ni ile ile ya Sinai, ya kutokuua. Nyingine zinatutaka tumlinde aliye dhaifu zaidi barabarani, tuzisaidie familia za waliopata ajali, na tukitambue chombo cha usafiri kuwa si fimbo ya kuonyeshea ukubwa. Mwongozo huo una karibu miaka ishirini. Hatujawahi kuusoma mimbarini. Hilo ni kosa letu, si lenu.

Na kwa kuwa tumeanza kutaja makosa yetu, tumalizie. Dominika moja, tukitoka Misa ya kwanza kwenda kigangoni, tulichelewa. Tulimgusa dereva begani tukasema, "Kanyaga kidogo, mwanangu, waamini wanasubiri." Akakanyaga. Tulifika salama, tukavaa kanzu, tukahubiri juu ya amani. Hatukuwa na kofia ngumu, wala yeye. Tukio hilo tulilisahau mpaka tulipoketi kuandika maneno haya. Nabii wa mwendo kasi alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki akihimiza! Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme mlinzi mnarani alimtambua Yehu kutoka mbali kwa jinsi alivyoendesha kama mwenye wazimu. Tunaogopa kwamba siku moja paroko wa hapa atatambuliwa hivyo hivyo.

Basi tufanye nini? Maneno matupu hayavunji mfupa wala hayaungi. Tumezungumza na Halmashauri ya Walei, na tumekubaliana mambo haya.

Kuanzia mwezi ujao, tutakapobariki vyombo vya usafiri, hatutabariki pikipiki yoyote isiyoletwa na kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria, na ni lazima mwenye pikipiki aje mwenyewe, asimame kando ya dereva wake. Maji ya baraka si mbadala wa breki. Mtakatifu Kristofa aliwavusha watu mto kwa mabega yake, na hatusikii popote kwamba aliwatoza hesabu.

Mwamini yeyote wa parokia hii anayemiliki pikipiki anaombwa kuiacha Dominika nje ya hesabu, na siku za mvua kubwa zihesabiwe nusu. Dereva akiugua, siku zake zisiwe deni. Hatuna polisi wa kulisimamia jambo hili. Tuna jumuiya ndogondogo, na huko kila mtu anajua pikipiki ya nani inaendeshwa na nani. Tumewaomba wazee pia walipeleke jambo hili kwenye ritongo, kwa kuwa ritongo la Wakurya limewahi kusuluhisha mambo magumu kuliko hili, na neno lake linasikika hata kwa wasiokuja kanisani.

Mkipinga, njooni tubishane. Tumekuwa wakali, na mwenye kuuma na kupuliza hatakiwi kujificha. Tunachokataa ni ukimya ule wa kukutana makaburini, kuchanga rambirambi, na jioni ile ile kumkabidhi kijana mwingine ufunguo.

Nanyi vijana, hatuwakatazi kuyapenda magari ya Naivasha. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya, kwa gari dogo la Mitsubishi Lancer, alimtangulia Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911 lenye nguvu nyingi zaidi. Ni habari tamu na mna haki ya kuifurahia. Tazameni mbio. Lakini mkitazama, msiangalie kasi peke yake. Angalieni wanavyofunga kofia kabla ya kuwasha. Angalieni dereva anavyomsikiliza mwenzake. Na Ijumaa Kuu, tunawaomba, njooni mbebe msalaba. Mwaka ule ulibebwa na wazee, na kilima cha kwenda kanisani ni kirefu.

Yule kijana aliyetuuliza "Sisi je?" bado anaendesha. Wiki iliyopita alikuja parokiani na kofia ngumu mbili, moja nyekundu na moja nyeusi, zote za mtumba. Tulimuuliza nani amezinunua. Alisema mwenye pikipiki amenunua moja, na nyingine itakatwa kwenye hesabu.

Kwa hiyo kazi bado ipo. Tuombeane.

Mungu awabariki, Mama Bikira Maria awatangulie njiani.